Mto wa Ngozi Niliokuwa Nikiukalia

Hawa mwanangu,

Habari za mashuka, dawa za tumbo na namba ya simu ya shangazi yako wa Mombasa, mama yako amekwisha kukupa, na najua alfajiri atakupa tena mlangoni. Mie sina la kuongeza huko. Hata vile vitumbua alivyovifunga kwenye ndoo sijui ni vya abiria mmoja au vya basi zima. Barua hii si ya mambo hayo. Isome kabla Mzee Nassor hajaja kukupeleka stendi na kupiga honi nje, kwa sababu akishapiga honi utakuwa umechelewa.

Nimeandika kwa sababu nikisema nitapayuka. Unanijua. Ningepayuka, mtaa mzima hapa Tabata ungejua, mama yako angelia, na wewe ungeangalia chini huku unabandua rangi ya kucha, basi, tungeishia hapo. Wiki yote hii umeniona nimenyamaza, ukamwambia mama yako, "Baba kanuna kwa sababu naondoka." Nilikusikia, nilikuwa bafuni. Wala si hivyo. Ingekuwa huzuni ya safari peke yake, mbona ningefurahi.

Nimenyamaza kwa sababu ya ule mto.

Ule mto wa ngozi ulionishonea ukaniletea karakana pale Buguruni, ukasema, "Baba, hicho kiti kitakuvunja mgongo, kalia huu." Nikaukalia. Nikamwonyesha muuza kahawa, nikamwonyesha fundi redio wa mlango wa pili, nikawaambia, "Mwanangu huyo, mnauona mshono?" Walichoka kuniitikia. Tangu masika nimeukalia mto huo, nimekula juu yake, nimesinzia juu yake. Mwanzoni mwa wiki hii pembe moja ikaachia uzi. Nikasema mtoto yumo kwenye pilika za safari, nisimsumbue, mie mwenyewe si fundi wa siti za magari? Nikaufumua nikaugeuza ndani nje.

Ndani ya mto wangu nikaikuta ngozi ya siti ya nyuma ya benzi la Mzee Nassor. Ngozi yenyewe ya kiwandani, orijino, ile ambayo mie baba yako nilisimama mbele ya mtu mzima nikamwambia kwamba bado imo ndani ya gari lake.

Sikubahatisha, Hawa. Nimeikagua kama nilivyokufundisha wewe. Ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi, unakuja karakana ukitoka darasani, unakaa juu ya gunia la vipande vya sponji, na watu wa magari ya zamani wanakuja na ugonjwa wao. "Fundi Shomari, hebu nitazamie, hizi kava ndizo zilizotoka nazo kiwandani au zimevalishwa huku?" Nikakwambia usiangalie juu, juu kila fundi anajua kupapendezesha. Usinuse pia, harufu inapakwa. Funua chini. Ngozi ya kiwandani imekatwa kwa mashine, ukingo wake umenyooka. Sie tunakata kwa mkasi, mkono unachoka, ukingo unapanda na kushuka. Tazama matundu ya sindano, maana kava iliyofumuliwa ikashonwa upya huacha matundu yasiyo na uzi pembeni ya mshono. Tazama vile vipete vya waya vinavyoibana kava kwenye fremu, kutu yake iko palepale pete ilipo, au kutu iko huku na pete iko kule? Chungulia kwenye mkunjo uione rangi ambayo jua halijawahi kuifikia. Halafu, nikakwambia, yaulize makalio. Ulicheka mpaka ukaanguka kutoka guniani. Lakini ndivyo. Siti ya dereva hulika upande anaopandia, siti ya nyuma huchakaa walipozoea kukaa watoto, na ukiona uchakavu haufanani na watu ujue kuna mtu kautengeneza.

Yote hayo uliyashika. Ulikuwa mwepesi kuliko vijana wote niliowahi kuwa nao. Nilijisifu mno kwa ajili yako, hata mama yako akawa ananiambia, "Baba Hawa, punguza, watamfanyia kijicho mtoto."

Kuna jambo jingine nilikufundisha bila kujua kwamba nafundisha. Siku ile ulipoitoboa kava moja pale karakana kwa makusudi, ukaiziba, ukaniambia, "Baba, tafuta kiraka." Nikatafuta kwa macho, nikatafuta kwa kidole, nikavaa na miwani. Nikakikosa! Nikapiga kelele kama nimeshinda mie, nikawaita majirani, nao wakatafuta wakakikosa. Nikakununulia soda. Nikasema mbele yao wote, "Huyu kanidanganya mie! Mie Shomari!" Nilisema kwa furaha, Hawa. Tangu hapo ukawa ndio mchezo wetu, kila mara unaficha kitu na mie natafuta, na ulipokuwa ukinishinda nilikuwa nakupenda zaidi. Wiki nzima hii naiwaza ile soda.

Kazi yetu ni kuficha. Mteja anatuletea tundu, anataka lisionekane, na sifa yetu kubwa ni pale anapoinama akasema haoni kitu. Ila mwenye siti anajua tundu lilikuwapo. Alilileta mwenyewe. Hilo sikuwahi kukwambia hata mara moja, nilidhani linajulikana, nilidhani mtu anazaliwa nalo.

Sasa mjomba wako Kassimu. Shemeji yangu ni dalali wa magari na mdomo wake unaujua, anaweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe akamwambia kimetumika kidogo tu. Akaliona lile benzi kwenye yadi moja huko Temeke, limefunikwa turubai, panya wamezaliana ndani. Akauliza-uliza, akajua lilikuwa la marehemu baba yake Mzee Nassor, mwenye duka la vitambaa. Gari liliuzwa baba mtu alipofariki, na Nassor wakati huo alikuwa kijana, hana sauti nyumbani. Ameishi mpaka ndevu zimekuwa nyeupe akilitafuta. Kassimu akampigia simu. Mzee wa watu akamwambia, injini nitaweka nyingine, rangi nitapaka, mie nataka siti alizokalia baba yangu. Akamtajia na alama. Siti ya nyuma, upande wa kushoto, kuna duara la moto. Alipokuwa mtoto alikichomoa kile kiwashio cha sigara cha gari akakibandika kwenye ngozi aone itakuwaje. Baba yake hakumchapa. Alimwambia tu, "Kuanzia leo utakaa hapohapo ulipochoma." Akawa anakaa hapo mpaka akakua.

Hiyo habari Mzee Nassor ametusimulia sote wawili, na macho yake ulikuwa unayaona.

Nirudi siku ile alipokuja karakana kulitazama gari. Wewe ulikuwa na majuma kadhaa unashinda Temeke, ukiniambia unamsaidia mjomba kulisafisha. Nikafurahi, nikasema mtoto anajua ujomba. Jioni Kassimu akalileta benzi limeoshwa, linang'aa, Mzee Nassor akasimama pembeni na kofia yake mkononi akaniambia, "Fundi, haya mambo mie siyajui. Neno lako linanitosha." Nikaanza na siti za mbele. Nikafunua, nikachungulia, nikapapasa. Safi, za kiwandani, hazina ubishi. Nikaenda nyuma. Juu nikaona ngozi ya umri uleule, imefifia panapopaswa kufifia, imechakaa panapopaswa kuchakaa, na duara la moto lipo kushoto kama lilivyotajwa. Nikainama niichomoe ile siti nione chini.

Kassimu akakohoa. "Shemeji, mpaka na mie unanipekua? Mbele ya mgeni?"

Nikaona haya. Kaka wa mke wangu, aliyepokea mahari yake, aliyekubeba wewe siku ya arobaini yako, nimpekue mbele ya mtu wa nje kama kibaka wa sokoni? Nikaurudisha mkono. Mteja yeyote mwingine ningemwambia akae pembeni aninyamazie. Kwake nilishindwa. Na katika kushindwa huko nikakugeukia wewe, kwa sababu wewe ulikuwa umenishikia tochi. Nikakuuliza, "Hawa, si wewe ndiye uliyelisafisha? Umefunua chini?"

Ukasema, "Nimefunua, Baba. Iko sawa."

Tochi haikutikisika mkononi mwako. Nimejaribu sana kukumbuka kama ilitikisika hata kidogo, nipate pa kushikia. Haikutikisika.

Nikamgeukia yule mzee nikamwambia, "Hii haijaguswa." Akapanda nyuma kushoto na mwili wake ule mzima, akatia kidole kwenye lile duara, akalia kwa sauti. Mwanaume wa makamo yale, analia karakana kwangu, watu wa Buguruni wanapita na mikungu yao ya ndizi wanashangaa. Nawe ukafuta macho. Nikasema moyoni, mwanangu ana huruma.

Ni jioni ileile alipouliza habari zako, akasema ana binamu yake Mombasa, ana karakana ya kufufua magari ya zamani, binti kama huyu asiozee hapa. Safari yako ya kesho imezaliwa pale, juu ya siti ile.

Basi ngozi ya kweli ya siti ile ndiyo niliyoikuta ndani ya mto. Ukingo umenyooka. Namba za wino za kiwandani zipo upande wa chini, zimefifia lakini zinasomeka. Kutu ya vipete ipo palepale vilipobana. Meno ya panya yapo pembeni. Na lile duara la moto, ulilikunjia ndani ya mshono lisionekane. Mtoto mmoja hakuchoma siti mbili, Hawa. Nikakaa chini, sakafuni, kwa sababu kwenye kiti sikuweza tena.

Nikamfuata Kassimu. Nilidhani atakana, nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akacheka! "Shemeji, hujui una nini ndani ya nyumba yako. Siti ya nyuma ilikuwa imeliwa na panya, haifai. Mtoto kaenda kwenye magari mabovu kapata ngozi ya benzi jingine la umri huohuo, kaianika juu ya bati, kaisugua kwa chai ya rangi, kapasha nati moto kabandika alama. Vipete katumia vilevile vya zamani. Na wewe na usharobaro wako wa ufundi ukaingia mkenge!" Akanipiga begani. Alidhani ananisifu.

Kassimu simsemi sana. Kassimu alikuwa anafanya udalali tangu tumboni kwa mama yake, na mie nilimjua hivyo nikaona haya kumfunua, hilo ni langu. Lakini wewe! Wewe nilikuuliza kwa mdomo wangu. Sikumuuliza mwingine yeyote duniani. Nilikabidhi neno langu kwako kama nilivyokuwa nakukabidhi mkasi, sikutazama hata mara ya pili, ukanirudishia likiwa limeoza ndani na juu linapendeza.

Na kwa nini ukanipa mie niikalie? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ungeitupa jalalani ningekuelewa. Ungemwachia Kassimu aichome moto ningekuelewa. Nimewaza labda ulishindwa kuitupa kwa sababu nilikufundisha ngozi nzuri haitupwi. Nikiwaza hivyo nakuonea huruma. Halafu nawaza labda ulikuwa ule mchezo wetu, kwamba umenifichia kiraka kikubwa kuliko vyote, ukawa unanitazama kila siku nimekikalia na kusubiri nikitafute. Nikiwaza hivyo nataka kupiga ukuta ngumi. Huenda hata wewe hujui ni lipi. Ulipopita karakana ukaniuliza, "Baba, mto unakufaa?" nami nikakujibu, "Sana, mwanangu," ulikuwa unasikia nini?

Na mzee yule angeichukua ile iliyoliwa na panya. Hicho ndicho ambacho wewe na mjomba wako hamkukijua, na mngemuuliza tu angewaambia. Angelikaa juu ya matundu yake, angelia vilevile, pengine zaidi. Nani aliwaambia anataka kitu kizuri? Alitaka cha kwake.

Jana baada ya sala ya alasiri nilikwenda dukani kwake Temeke. Niliifumua ile ngozi yote, nikaifuta vumbi, nikaifunga kwenye kanga moja ya mama yako. Njiani nilitaka kurudi, sikufichi. Nilifika mpaka kona ya duka nikajifanya nanunua muhogo. Halafu nikaingia nikamwambia, "Mzee, nilikwambia haijaguswa. Nilikosea. Sikufunua chini, nami najua kabisa ndiko kwa kufunua." Nikamwekea ngozi juu ya meza, katikati ya vitambaa vyake.

Akaigeuza-geuza. Vidole vyake vikaliona lile duara kabla ya macho. Mteja akaja akaulizia kitambaa cha pazia, hakumjibu, mteja akaondoka. Kisha akaniuliza, "Na ile niliyokuwa naitia kidole kila siku?"

"Imetengenezwa, Mzee."

"Nani kaitengeneza?"

Hapo, Hawa, ningeweza kusema Kassimu, na isingekuwa uongo mkubwa sana. Ningeweza kusema wewe. Nikamwambia, "Mwenyewe atakwambia." Akanitazama sana. Sidhani kama hajui. Mtu ameuza vitambaa maisha yake yote, anaijua sura ya baba anayeficha mtoto. Lakini jina hakulitaja, na mie sikulitaja. La kwangu nimelisema. La kwako nimekuachia, kwa sababu ndilo pekee sijataka kukushonea.

Nikamuuliza kuhusu alfajiri, maana alikuwa ameahidi kukupeleka stendi mwenyewe kwa benzi. Nilitarajia aseme basi tena. Akaifunga ngozi ya baba yake ndani ya kanga, taratibu, akasema, "Mie nikitoa neno huwa nimeshalifunua chini. Nitakuja, na hii nitakuja nayo." Nikaaga nikaondoka.

Kwa hiyo atakuja. Mama yako atakaa mbele kwa sababu ya miguu yake, sanduku na ndoo ya vitumbua vitajaa nyuma kulia, na wewe utakaa kushoto. Ukiweka mkono pembeni utaligusa duara ulilolichoma wewe. Ile ya kweli aliniambia ataileta, itakuwa kwenye kanga karibu nawe, usishtuke. Yeye atakuwa anaendesha, kisogo chake kwako, na kutoka hapa mpaka stendi hata alfajiri kuna foleni. Muda utakuwepo.

Ukisema, sijui atafanya nini. Sikumuuliza kwa makusudi. Anaweza kugeuza gari akurudishe, na binamu yake wa Mombasa akasikia, na hiyo karakana ukaisahau. Utarudi hapa, tutakula hivyo vitumbua wiki nzima, na mie nitakuwa bado nina hasira. Usipotaka kusema, usiseme. Hakuna atakayekuzuia kupanda basi, wala mie sitakupigia simu kukuumbua. Utafika, utashona, watakusifu, maana mikono yako haina mfano, hilo siwezi kukunyang'anya hata nikikasirika vipi. Mama yako simwambii. Ila mto mwingine usiniletee. Kiti changu kitabaki mbao tupu na mgongo uvunjike ukitaka kuvunjika.

Mie stendi siji. Ningekaa pale nyuma katikati ningelisikia neno lako au ukimya wako, na sina uhakika naweza kulibeba lolote kati ya hayo mbele ya watu. Lakini mlangoni nitakuwepo. Kutakuwa bado giza, na taa za uchochoro wetu unazijua, na pale kwenye mtaro kuna kile kifuniko kilichovunjika. Nitakumulikia mpaka uingie garini. Safari hii tochi nitaishika mie.

Baba yako,
Shomari